Gogo Lililokataliwa na Mchwa

"Madam, hii chupa ilipimwa?"

Inspekta Nyaguthii hakuinua kichwa. Alikuwa akitia sahihi ukurasa wa mwisho wa faili ya Linah, na faili hiyo ilitakiwa iwe mezani kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa kumi jioni. Jumatatu Linah angesimama kizimbani aulizwe kama ni kweli alimuua mumewe, Byron Nyongesa, pamoja na binti yao Cynthia, mtoto wa miaka sita. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi.

"Chupa gani?"

"Hii hapa kwa rafu. Picha ya kumi na nne."

Konstebo Shitanda alikuwa ametoka likizo ya mwezi mzima, na badala ya kuomba chai kama binadamu wengine, aliomba picha za jikoni mwa marehemu. Akaisukuma moja juu ya faili. Ilionyesha rafu ya mbao, mkebe wa chumvi, sukari kwenye karatasi, na chupa ya plastiki ya juisi yenye maji ya kahawia hadi nusu.

"Hiyo ni chai ya rangi imelala," Nyaguthii alisema.

"Nani alikwambia ni chai?"

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameitazama na kuiamulia mwenyewe wiki tatu zilizopita, majirani wakilia nje na mkubwa wake akimpigia simu kila baada ya dakika kumi. Siku ile alichukua unga, sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kupikia, mabaki ya mrenda kwenye sufuria na mkebe wa dawa ya kupe uliokuwa kwenye banda la mbuzi. Vitu saba. Chupa aliiacha.

"Hiyo ni musherekha, Madam," Shitanda alisema. "Kwetu hakuna jikoni inakosa. Unachoma maganda ya maharagwe, ile jivu unaweka kwa kopo iko na matundu chini, unamwagia maji pole pole. Ile maji inadondoka ndiyo unapikia mboga ilainike. Mrenda bila musherekha haimezeki."

Nyaguthii alizaliwa Ol Kalou, ambako mboga huungwa kwa kitunguu na mambo yakaishia hapo. Alikuwa ameishi Eldoret miaka tisa, amekula kwa Waluhya mara zisizohesabika, na hakuwahi kuuliza mboga zao zililainishwa na nini. Aliona aibu, na aibu ikamtia hasira.

"Jivu na maji haviui mtu, Shitanda."

"Sijasema inaua. Nimeuliza kama ilipimwa."

Alifungua ripoti ya mkemia kwa mara ya kumi. Aseniki kwenye ini la Byron. Aseniki kwenye nywele za Cynthia, na nyingi kupita zote kwenye mabaki ya mrenda. Unga ulikuwa safi, sukari safi, chumvi safi. Dawa ya kupe, ambayo kwa siku nne mkubwa wake aliishangilia kama bao la dakika ya mwisho, ilikuwa ya aina mpya isiyo na aseniki hata chembe. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao Nyaguthii aliusoma mara moja akaupita: shaba na kromu nazo zilikuwa juu kuliko kawaida. Alidhani ni kutu ya sufuria.

"Sufuria yenyewe ilikuwa ya nini?" aliuliza ghafla.

Shitanda aliinamia picha. "Alumini. Kama ya kila mtu."

Alumini haitoi shaba. Nyaguthii aliweka kalamu chini.

Kesi ya Linah ilikuwa imesimama kwa miguu mitatu kama kigoda. Majirani walisikia ugomvi, kwa sababu Byron alitaka kuoa mke wa pili. Linah ndiye aliyepika. Na mrenda ule ulikuwa ukiliwa na watu wote wa boma isipokuwa yeye. Mama mkwe wake, Mama Namalwa, alikula kidogo akaponea chupuchupu, na ndiye aliyemtaja kwa polisi. "Kikulacho ki nguoni mwako," mkubwa wa Nyaguthii alisema, akaona kazi imekwisha. Linah alijitetea kwamba hakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemwamini, na Nyaguthii alikuwa miongoni mwa wasiomwamini.

Aliifunga faili, akaitia kwenye droo.

"Chukua gari," alisema.

* * *

Mama Namalwa alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya jikoni, kule kijijini Kiplombe, miguu ameinyoosha mbele kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine. Nyuma ya mahindi kulikuwa na makaburi mawili, moja refu na moja fupi. Udongo ulikuwa bado mwekundu.

"Mulembe, Mama," Shitanda alisalimu.

"Mulembe, mwanangu." Kisha akamgeukia Nyaguthii. "Mmekuja kuniambia amefungwa?"

"Bado, Mama. Ni Jumatatu. Miguu inaendeleaje?"

"Haiko. Naiona, lakini haiko. Ni kama nimevaa soksi mbili mbili."

Nyaguthii aliketi kwenye kigogo, akafungua daftari. "Mama, nina maswali ya kawaida tu. Musherekha ya hapa, nani alikuwa anatengeneza?"

Bibi alimtazama Shitanda kwanza, halafu huyu mwanamke wa Kikuyu aliyelitamka neno hilo kama anayetafuna wali wenye mawe.

"Ni mimi. Linah hajui. Hawa wasichana wa siku hizi wanatia magadi ya duka."

"Ulichoma maganda ya maharagwe?"

"Maharagwe gani? Mvua imeozesha yote kwa shamba. Nilitumia jivu ya kuni."

"Kuni za kawaida?"

"Kuni nzuri sana. Kavu, hata na hii mvua. Na jivu yake ni kali, unatia kidogo tu mrenda inaiva." Uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza. "Halafu moto yake ilikuwa na rangi. Kijani, kama majani ya mahindi. Cynthia akitoka shule alikuwa anakuja kuketi hapo mlangoni. Anabembeleza bibi yake, Kukhu, washa ule moto mzuri."

Kalamu ya Nyaguthii ilisimama.

"Ile chupa ya musherekha iko wapi sasa?"

"Wamama wa kanisa walisafisha jikoni siku ya mazishi. Walimwaga kila kitu, wakaosha."

Majuto ni mjukuu, na wa Nyaguthii alikuwa ameshawasili. Chupa ile ilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, akaiamulia kuwa ni chai.

Kopo lilikuwepo. Lilikuwa kopo la rangi la lita nne, limetobolewa chini kwa msumari, na jivu la kijivu lilikuwa limeshikamana ndani kama uji uliolala. Shitanda alivaa glavu akalitia kwenye mfuko wa ushahidi, akauandika. Pembeni mwa mafiga palikuwa na kipande cha gogo chenye urefu wa mkono, mviringo, kimemenywa gome, ncha moja imeungua.

"Hiyo ndiyo imebaki," Mama Namalwa alisema. "Zingine ziliisha kwa matanga."

"Nani alikuwa anazileta?"

"Linah. Kila jioni akitoka kazi, na mzigo kwa kichwa." Alikitazama kile kipande. "Hata hiyo siwezi kumnyima. Alikuwa mtu wa kujituma. Ndiyo maana mimi sielewi."

Shitanda alimtupia Nyaguthii jicho. Nyaguthii aliandika jina hilo, Linah, na mbele yake neno kuni, akalipigia mstari. Alikuwa amekuja kutafuta cha kumtoa mwanamke yule jela, na sasa alikuwa na cha kumzamisha zaidi.

"Hiyo kopo mtarudisha lini?" bibi aliuliza. "Jumamosi ijayo kuna wageni wa kumaliza matanga. Nataka niwapikie mrenda."

"Mama, jivu ya hizo kuni usitumie tena. Na ukipata ingine kama hii, usipikie."

"Kwa nini?"

Nyaguthii alifungua mdomo, lakini Shitanda alimwahi.

"Ni ushahidi, Mama. Serikali imechukua."

"Eh! Serikali sasa inachukua mpaka jivu," Mama Namalwa alisema, akavuta mguu mmoja kwa mikono yake miwili.

Ndani ya gari walikaa bila kuwasha injini.

"Ungemwambia?" Shitanda aliuliza.

"Tukimwambia na iwe si kweli, tutakuwa tumemuua bure."

"Na ikiwa ni kweli?"

Nyaguthii alifunga mkanda. Alimwambia awashe gari.

* * *

Mzee Kuria alikuwa ameuza magogo kando ya barabara ya Kitale kwa miaka thelathini na miwili. Uwanja wake ulijaa saiprasi na blugamu zilizopangwa kwa unene, na yeye mwenyewe alikuwa mzee mkavu aliyevaa kofia ya sufu mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nyaguthii alimwekea kile kipande cha gogo mezani, akampa glavu.

"Niambie hii ni nini, Mzee."

"Mmeitoa wapi?"

"Nitakwambia ukimaliza."

Mzee alikigeuza, akakinusa, akakirudisha haraka. "Msichana wangu, watu wanakuja hapa na maswali matano tu, kila siku ya Mungu. Gogo gani ya kujenga? Saiprasi. Gani ya kuchoma kwa jiko? Blugamu, lakini ikauke miezi sita. Mbona imepasuka kichwa? Ni kwa sababu uliiacha kwa jua kama nguo. Mbona inatoa maji? Kwa sababu uliinunua jana. Posti ya ua itakaa miaka ngapi kwa udongo? Kama haina dawa, miwili. Kama iko na dawa, ishirini. Sasa wewe unataka gani?"

"Nataka ya sita. Gogo gani haifai kuchomwa?"

Mzee Kuria alivua kofia, akaivaa tena.

"Hiyo hakuna mtu ameniuliza," alisema. "Tangu nifungue hapa."

Alichukua panga, akakipasua kipande kwa pigo moja. Ndani, katikati, mti ulikuwa mweupe wa kawaida. Lakini kuuzunguka, kwa upana wa kidole, palikuwa na duara la kijani hafifu kama ukungu wa mkate.

"Unaona? Hii ni blugamu ya miaka saba hivi. Hapa katikati mti ni mgumu, dawa haikuingia. Hapa nje ikaingia. Wanaweka posti kwa tangi ya chuma, wanafunga, wanasukuma dawa na presha. Hii kipande ni kichwa ya posti. Wanakata ikipita kipimo, wanatupa."

"Dawa ya nini?"

"Kujeni muone."

Aliwapeleka nyuma ya uwanja, penye kichuguu. Vipande vya mbao vilikuwa vimetupwa hapo, na mchwa walikuwa wamevila hadi vikabaki maganda matupu. Katikati yao kilikuwepo kichwa kimoja cha posti, kizima, rangi yake ya kijani bado ikionekana. Mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo hadi karibu nacho, wakapinda, wakapita kando.

"Huu mwaka wa tatu," Mzee Kuria alisema. "Kitu mchwa amekataa, mtu anaweka kwa jiko."

"Ndani ya dawa kuna nini?"

"Vitu tatu. Kuna shaba, ndiyo hiyo kijani. Kuna kromu. Na kuna ile sumu ya zamani ya panya."

"Aseniki," Shitanda alisema.

"Hiyo. Ikiwa ndani ya mti imetulia. Egemea posti, funga ng'ombe, hakuna shida. Lakini ukichoma, mti unaenda na moshi, na sumu mingi inabaki kwa jivu. Ya gogo nzima, kwa ngumi moja ya jivu."

Nyaguthii alifungua ripoti ya mkemia juu ya rundo la saiprasi. Shaba, kromu, aseniki. Kwa wiki tatu alikuwa akitembea na jibu begani akidhani ni kutu. Jivu lile lilikuwa limetiwa maji, maji yakazoa sumu na kuidondosha kwenye chupa, na chupa ikamiminwa kwenye mboga. Palikuwa na aliyebeba na aliyechuja. Hapakuwa na muuaji.

Alitarajia kufurahi. Badala yake aliifunga ripoti.

"Nani amekufa?" Mzee Kuria aliuliza.

"Mtu na mtoto wake."

Mzee aliketi juu ya gogo. "Mimi nilikuwa najua hii maneno. Ningekuwa naambia kila mteja. Lakini mtu hujibu kile ameulizwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

* * *

Kiwanda cha nguzo alikofanya kazi Linah kilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Meneja hakuwepo, ilisemekana yuko Nairobi, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mlinzi wa lango, Okumu, aliwaingiza hadi kibanda cha chai baada ya kusoma vitambulisho vyao pande zote mbili.

"Linah alikuwa anafanya nini hapa?"

"Kufagia na kupika chai. Miaka mbili. Hakuwa na maneno."

"Na vichwa vya posti, alikuwa anapewa na nani?"

Okumu alitazama viatu vyake. "Hakuna mtu anapeana. Zinatupwa kule nyuma. Wamama wanaomba, mimi naangalia kando."

Juu ya meza ya chai palikuwa na tangazo la Kiingereza kwenye fremu ya kioo. Nyaguthii alilinakili kwenye daftari neno kwa neno. Lilisema mabaki ya mbao zilizotiwa dawa yasitolewe nje ya kiwanda, na yasichomwe kwa namna yoyote. Chini ya vumbi la wiki chache kioo kilikuwa kinang'aa. Kuna mtu aliyekuwa akikipanguza vizuri.

"Mwendesha mashtaka atapenda hii," Shitanda alisema kwa sauti ya chini. "Atasema Linah alikuwa anaisoma kila siku."

"Wewe umelisoma?" Nyaguthii alimuuliza mlinzi.

"Hiyo, Madam? Hiyo imewekwa ya wakaguzi."

Nje ya kibanda chake Okumu alikuwa na debe lenye moto wa kuota, maana mvua ilikuwa imeanza tena. Ndimi zake zilikuwa za kijani. Nyaguthii alimwambia auzime, akamweleza kwa nini. Okumu alimwaga maji, kisha akasimama akiutazama moshi, akijikuna viganja vilivyobambuka ngozi.

Walipotoka langoni walikutana na wanawake wanne, kila mmoja na mzigo wa vichwa vya posti kichwani. Nyaguthii alisimamisha gari, akashuka.

"Wamama, wekeni hizo kuni chini. Ziko na sumu. Jivu yake imeua watu."

Waliweka chini. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sweta ya shule ya mtu mwingine, aliisikiliza habari yote hadi mwisho bila kumkatiza.

"Asante, Madam," alisema. "Sasa tuonyeshe kuni ingine."

Nyaguthii alitazama kulia na kushoto. Kulikuwa na ua wa kiwanda, na barabara, na mashamba ya watu yenye seng'enge. Alirudi kwenye gari. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wakisimama pale pale mvuani, wakisubiri gari litoweke. Alipiga simu kwa afisa wa afya, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na mara ya tatu akapokelewa na mtu aliyemwambia aandike barua.

* * *

Saa tisa kasoro Linah aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, na kwa wiki tatu hakuwahi kulia mbele ya askari, jambo ambalo nalo liliandikwa kwenye faili dhidi yake. Aliketi wima. Shitanda aliegemea ukuta.

"Nina maswali ya mwisho," Nyaguthii alisema. "Kuni za kwenu zilitoka wapi?"

"Kazini."

"Ulipewa?"

"Niliokota. Kama mnataka kunishtaki na wizi, ongezeni."

"Pale kwa chai kuna tangazo. Uliwahi kulisoma?"

"Nalipanguza vumbi kila Ijumaa."

"Linasema nini?"

"Sijui. Kizungu changu ni cha kusalimia." Linah aliwatazama mmoja mmoja. "Tuliambiwa tusiibe. Hakuna mtu alituambia tusipike."

Nyaguthii aliandika maneno hayo, akayasoma kwa sauti, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Linah akakubali. Yalikuwa maneno mazuri kwa wakili. Yangeweza kubeba kesi nzima.

"Musherekha nani alitengeneza?"

"Mama." Linah aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawaka. "Mmeanza kuuliza sasa? Nimewaambia toka siku ya kwanza kwamba si mimi. Mimi nilisonga ugali na kupika mboga, lakini ile kitu ya chupa ilitoka kwa mkono yake. Hajawahi kunipenda. Ni yeye alikuwa anamtafutia Byron bibi wa pili. Alitaka mimi ndiyo nile. Hakujua tumbo yangu imekataa. Muulizeni!"

"Nimemuuliza."

"Amekubali?"

"Linah, sikiliza. Hakuna mtu aliweka sumu."

Alimweleza. Hakujua namna nzuri ya kueleza, kwa hiyo alieleza kwa utaratibu, kama anavyotoa ushahidi mahakamani: tangi la chuma, dawa ya mchwa, duara la kijani, jivu, maji. Alimwonyesha mstari wa shaba na kromu. Alimwambia jivu lililokuwa kwenye kopo lingepelekwa kwa mkemia jioni hiyo hiyo, na kwamba yeye, Nyaguthii, angeandika kuomba kesi ya mauaji isisomwe Jumatatu. Wangeweza kujaribu kumshtaki kwa uzembe, lakini hata hilo lingekuwa gumu. Alimwambia pia kwamba aliiona chupa siku ya kwanza akaipita, na kwamba anaomba msamaha.

Linah hakumwangalia tena. Alikuwa akiviangalia viganja vyake, ngozi ikiwa imebambuka kwenye mashina ya vidole.

"Ule moto wa kijani," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anakaa karibu sana. Nilikuwa nikimwambia, Cynthia, toka hapo, utaungua." Alikunja viganja. "Nilikuwa nachagua zile zenye rangi zaidi. Kwa sababu yake."

Shitanda alitoka ukutani akaenda kusimama dirishani.

"Mama anajua?" Linah aliuliza.

"Bado."

"Wiki tatu nimelala pale chini nikimwombea afe. Kila usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa inanipa nguvu ya kuamka." Aliinua uso, na haukuwa uso wa mtu aliyeletewa habari njema. "Afadhali ungeniacha niamini ni mtu."

"Hungekuwa umekosea sana kuamini," Nyaguthii alisema. "Kiwanda kilijua. Mlinzi aliangalia kando. Mimi niliacha chupa. Hatia si yako."

"Basi andika hivyo. Lakini juu yake andika kwanza nani alibeba."

"Linah, acha," Nyaguthii alisema.

"Nakuuliza swali, afande. Umeniuliza mangapi, hizi wiki zote, na yote nimejibu. Nani alibeba?"

Daftari lilikuwa wazi mezani. Jina lilikuwa pale, limeandikwa asubuhi, limepigiwa mstari. Nyaguthii aliweka mkono juu yake, lakini Linah alikuwa ameshaliona.

"Utatoka," Nyaguthii alisema. "Labda si Jumatatu. Lakini utatoka."

"Nitoke niende kwa nani?"

Hakungoja ajibiwe. Alisimama, akapanga kiti vizuri chini ya meza, akaenda mlangoni na kubisha mwenyewe, mara mbili. Askari wa zamu alifungua, akawatazama wote watatu, akamuuliza Nyaguthii kama mahabusu ameachiliwa.

"Hapana," Linah alisema, akatangulia kuelekea seli.